Beki Aliyekataa Kukata

Jumanne asubuhi nilikuwa barazani kwangu hapa Shangani, chai bado mkononi, simu ilipoita kutoka Kitaya, kijiji cha kando ya Ruvuma. Aliyepiga ni mama mmoja ambaye wasomaji wa zamani wa safu hii watamkumbuka kwa sura: yule aliyekuwa akisimama pembeni ya uwanja, kanga mabegani, akimtafsiria kocha wetu Mwargentina. Hakusalimia, na hiyo si kawaida yake. "Kaka, ule ntu wetu katutoka," alisema. Akiwa ametulia hutamka "mtu" kama wewe na mimi. Akishtuka, Kimakonde cha nyumbani humrudia mdomoni. Binti wa kocha huyo alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti kutoka kwao. Baba yake alikuwa na maradhi ya moyo. Alijilaza mchana baada ya kula, hakuamka. Nikampa pole, naye akanipa pole. Kisha akauliza, "Sasa utaandika?" Nikamjibu kwamba nitaandika. "Mara ile pia ulisema hivyo hivyo," akasema, na simu ikakatika. Tangu hapo sijaweza kutulia. Nimekwenda ufukweni na kurudi sijui mara ngapi, nimeanza safu hii na kuifuta, na kila ninapokaa naona kiti hakikaliki.

Makocha wa kigeni huja nchini kwetu kwa ndege na kupokelewa na kamera. Huyu alikuja kwa kuvuka Ruvuma, na mabegi mawili. Alikuwa amefundisha msimu mmoja kaskazini mwa Msumbiji, timu yake ikasambaratika, akasikia kwamba upande huu kuna timu ya daraja la kwanza iliyokimbiwa na kocha wake katikati ya msimu. Kwao alikuwa beki wa kati kwa miaka mingi, zaidi katika timu ndogo ambazo hata majina yake hatuyajui. Katika nchi ambayo washambuliaji huchorwa ukutani, yeye alikuwa katika lile kundi linalokumbukwa siku likikosea. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, Kiswahili hakuwa nacho kabisa. Viongozi wa timu walikuwa bado wanazunguka maofisini wakitafuta mkalimani, wakati mama aliyekuwa akiwapikia wachezaji kambini alipomsikia akinung'unikia ugali, akamjibu kwa Kireno kilichonyooka. Alikuwa ameishi ng'ambo ya mto na mumewe kwa miaka mingi, akiuza vitenge. Kireno na Kihispania vinasikilizana, na kuanzia siku hiyo kazi ikawa yake.

Kiswahili kidogo alichokipata yule bwana alikipata kwa mama huyo, kwa hiyo alikizungumza kwa lafudhi ya Kitaya, jambo lililowafurahisha sana watu wa sokoni. Alifundishwa shikamoo akaipenda, akawa anamwamkia kila mtu, mpaka golikipa wa akiba ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, na wachezaji wakaitikia marahaba huku wamejishika mbavu. Katika mechi zake za mwanzo, beki wetu mmoja alipitwa na jukwaa zima likaanza kupaza sauti: "Mkate! Mkate!" Kocha akamgeukia mkalimani wake akamwuliza kwa nini watu hawa wanadai mkate saa kumi jioni. Neno hilo alilijua la kifungua kinywa tu. Yule mama alicheka mpaka akainama, kisha akamweleza kwamba wanachotaka ni beki amkate yule mshambuliaji miguu. "Hakucheka," mama huyo aliniambia baadaye. "Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Halafu hakunisemesha tena mpaka mpira ulipokwisha."

Jumatatu iliyofuata aliwaamuru mabeki wote wafanye mazoezi mikono ikiwa nyuma, na hakuna ruhusa ya kumwangusha mtu. Kazi yao ikawa kukimbia ubavuni mwa mshambuliaji, kumziba njia ya ndani na kumsukumia pembeni hatua kwa hatua mpaka aishiwe uwanja. Maelezo ya kocha yalikuwa marefu, yakiandamana na mikono na miguu, mkalimani akayafupisha: "Anasema huyo ni mgeni. Msindikize mpaka barabarani, usimpige." Aliyemwingia mwenzake kwa nyuma, hata mazoezini, alikaa nje wiki nzima. Kocha mwenyewe hakukaa kamwe. Benchi lilikuwepo, lakini yeye alitembea mbele yake tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Aliyeyashika mafunzo hayo kuliko wote alikuwa beki wa kati mmoja mrefu, mtoto wa wakulima wa korosho, ambaye mpaka mwisho wa msimu ule refa alikuwa bado hajapata sababu ya kumwonyesha kadi.

Mechi ya mwisho tulihitaji sare tu ili tubaki daraja letu. Tulikuwa na sare hiyo mkononi, bao moja kwa moja, dakika za nyongeza zikihesabika, pale mshambuliaji wao alipouwahi mpira mrefu na kutoka peke yake. Yule beki wetu mrefu alikuwa nyuma yake hatua moja. Bado walikuwa nje ya eneo la penati. Angemchota miguu pale, angepewa kadi nyekundu, tungepigiwa faulo, na huenda tungepona. Uwanja mzima ulisimama ukimtaka amkate. Nami nilisimama, nami nilipiga kelele ile ile mpaka sauti ikaniuma. Yule beki hakumgusa. Alikimbia, akajinyoosha akiutafuta ubavu wa mwenzake, hakuufikia, na mpira ukaingia wavuni. Tukashuka daraja. Chupa za maji ziliruka, na wazee niliowajua kuwa watu wazito walilia waziwazi.

Niliandika safu kabla hasira haijapoa. Niliandika kwamba kocha amewafundisha vijana wetu kucheza kama waalikwa wa harusi, na kwamba beki wetu ni mwoga. Neno hilo nililiweka bila kusitasita, na nilijisikia nimeandika vizuri. Watu waliipiga picha safu hiyo wakarushiana kwenye simu. Katika muda wa siku tatu yule beki akawa na jina jipya mjini, Bwana Harusi, na alipopita sokoni akina mama walimpigia vigelegele vya kejeli. Hakucheza tena. Kocha aliachishwa kazi wiki hiyo hiyo.

Ijumaa, baada ya sala, walikuja nyumbani kwangu, kocha na mkalimani wake. Niliwakaribisha barazani. Mama alikaa, kocha alikataa kiti, akawa anakwenda mpaka kwenye ngazi na kurudi. Nilijiandaa kutukanwa. "Anasema ameisikia safu yako, nimemsomea yote," mama alianza. "Anasema hana ugomvi na yaliyomhusu yeye. Amekuja kukuomba kitu kimoja. Andika kwamba kijana hakuogopa. Andika kwamba ni yeye mwalimu aliyemwamuru asimwangushe mtu, hata itokee nini. Lawama iandike juu yake."

"Hata dakika ya mwisho?" niliuliza. "Hata timu ikishuka?"

Kocha alisimama akanitazama, kisha akasema kwa muda mrefu. Yule mama alitafsiri mwanzo wake kwa sauti ya kawaida, halafu sauti ikaanza kushuka, na nikatambua kwamba naye alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza. "Anasema alikuwa na miaka ishirini na tatu. Ilikuwa kwao, mechi ya kupanda daraja. Mtu alimpita, na watu wakapiga kelele kama hizi za kwetu. Akamwingia kwa nyuma. Anasema aliusikia mguu ukivunjika kabla ya kusikia filimbi. Walishinda. Watu walimbeba yeye mabegani wakazunguka naye uwanjani. Yule mwingine alibebwa kwa machela, na hakucheza tena."

"Alikwenda kumwona?"

Mama alimwuliza. Jibu lilikuwa fupi. "Alikwenda mara moja. Anasema yule mtu alimpokea vizuri sana. Ndiyo maana hakuweza kurudi."

Walipoaga, kocha aliniomba habari ya mguu nisiiandike akiwa hai. Habari ya kijana, alisema, niiandike upesi. Nikamjibu kwamba nitaandika. Sikuandika. Wiki ya kwanza nilijiambia watu bado wana hasira. Wiki ya pili nilijiambia wamekwisha sahau. Baadaye sikujiambia kitu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesifiwa kwa safu ile kuliko kwa nyingine yoyote, na mwandishi anayerudi kuomba radhi husomwa na wachache. Yule mama aliniuliza mara mbili, kisha akaacha, akarudi kwao Kitaya kulima. Mwargentina akarudi nchini kwake kufundisha watoto wa mtaani kwao.

Juzi Jumanne, baada ya ile simu, nilimtafuta yule beki. Nilimkuta shambani akipulizia mikorosho salfa, ile dawa ya ukungu, kitambaa usoni, vumbi la njano mpaka kwenye kope. Aliponitambua alizima mashine. "Shikamoo," alisema, kwa adabu ambayo sikuistahili. Nilimpa habari. Alivua kitambaa akakaa chini pale pale alipokuwa, akasoma dua yake kwa sauti ndogo ingawa marehemu hakuwa wa dini yetu. Basi nikamweleza yote: kwamba mwalimu wake alikuja kwangu, alichoniomba, na kwamba sikukifanya. Nikamweleza na habari ya mguu, kwa kuwa sasa mwenyewe hayupo. Nikamwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Hilo alilokwambia si kweli," alisema.

"Lipi?"

"Kwamba aliniamuru. Siku zote, ndiyo, alituambia tusimwangushe mtu. Lakini dakika ile alibadilika. Nilipita mbele ya benchi letu nikamsikia. Alipiga kelele nimkate."

"Uwanja mzima ulikuwa ukisema hivyo. Utajuaje kwamba ni yeye?"

"Mzee wangu, sauti ya mwalimu wako unaijua. Ilikuwa yeye."

Nikamwuliza kwa nini, basi, hakumkata.

"Miguu ya yule jamaa ilikuwa imekaa vibaya," alisema. "Mmoja juu, mmoja umekanyaga kwa uzito wote. Ningemwingia pale, ungevunjika, niliuona kabisa. Halafu nilidhani nitamfikia. Sikumfikia." Alichukua jani kavu akalikunja. "Baada ya mechi alinifuata chumba cha kubadilishia nguo, bila mama. Alinishika kichwa kwa mikono miwili akasema, 'Mimi nimekosa. Wewe hapana.' Nilidhani ni Kiswahili chake kibovu, nikadhani anataka kusema tumekosa bao. Miaka yote hii nilidhani hivyo."

Nimekuwa nikiligeuza jambo hili kichwani siku mbili sasa na halitulii. Mtu alibeba mguu wa mwenzake moyoni tangu ujana wake, akaufanya somo, akawafundisha wengine nchi moja baada ya nyingine, na sekunde ilipofika ya kulijibu somo hilo, mdomo wake ukajiunga na jukwaa. Mwanafunzi wake akalijibu badala yake. Kisha mwalimu akaja kwenye baraza yangu akanidanganya, ili mwanafunzi apone. Simpunguzii heshima kwa hilo. Lakini najiuliza sisi wengine tuliokuwa jukwaani tulikuwa tunafanya nini, na kama tumeacha. Maana kelele ile haiko uwanjani tu. Iko ofisini, mkubwa anapotaka aliye chini yake amalize kazi chafu ambayo yeye hataki kuonekana akiifanya. Iko kwenye simu zetu, tunapomhimiza mtu tusiyemjua amwaibishe mtu mwingine tusiyemjua. Akifanya, tunambeba. Akikataa, tunamtafutia jina. Na mimi sikuishia kupiga kelele. Nilikuwa na kalamu, na nilimwingia kijana yule kwa nyuma.

Nilimwambia yule beki kwamba safari hii nitaandika kweli, na kwamba nitaeleza jinsi alivyoshinda jambo kubwa kuliko mechi. Hapo ndipo alipokunja uso kwa mara ya kwanza. "Andika," alisema, "ila usiandike kwamba tulishinda. Tulishuka daraja. Mimi nilitaka kubaki kuliko ninyi wote, na inaniuma mpaka leo. Ningeulizwa tena, sijui ningefanya nini." Akafunga kitambaa chake, akawasha mashine, akaingia katikati ya mikorosho.

Kwa hiyo siandiki kwamba walishinda. Naandika kwamba beki huyo hakuwa mwoga, na kwamba wema wake ulimgharimu kitu alichokipenda, na hakurudishiwa. Huo ndio uzito wake, na hatuna haki ya kuupunguza kwa maneno matamu. Tulichotakiwa kufanya ni kutomwongezea mzigo mwingine, nami niliuongeza. Nilimhukumu mtu bila kumwuliza. Kutoka kwangu mpaka shambani kwake ni nusu saa kwa bodaboda. Imenichukua miaka sita.