Sauti ya Staa katika Pango la Mzee Rubeni

Beatha Shekiondo alitoka kwenye pango la saruji, akaufunga upya mtandio wake, akamwendea Nassoro, mwenye bustani ile ya michezo kando ya barabara ya Irente.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nassoro, baba mkwe wangu hakuwahi kuonja pombe."

Nassoro alicheka kidogo. "Ni vichekesho tu, mama. Watu wanampenda Kidevu."

Beatha, mwalimu mstaafu na mjane wa Zabron, mwana wa Mzee Rubeni, ndiye aliyempa hadithi inayosimuliwa pangoni humo. Mvua kubwa ilipoporomosha mlima, Mzee Rubeni aliwavusha majirani zake kwenye ukungu mpaka kanisani. Alimwita kila mmoja kwa jina, na hakuinua mguu mpaka aitikiwe. Ndiyo maana nyumbani kwao hadithi hiyo husimuliwa kwa kuitana: msimulizi huita, wasikilizaji huitika, ndipo aendelee.

Nassoro akaenda kumchukua Kidevu, mchekeshaji wa Dar es Salaam. Akatengeneza sanamu la Mzee Rubeni lenye kidevu na jino la dhahabu la staa huyo. Kigari cha wageni kilipopita gizani pangoni, sauti ya staa iliyorekodiwa iliita, na kabla watu hawajaitika ilikuwa imeshaendelea mbele na hadithi, ikipiga kwikwi za ulevi. Wageni walitoka wakijadili jino. Jina la Rubeni hawakulishika. Wakishapiga picha na sanamu, hawakuwa na sababu ya kurudi.

Lakini jina lilijulikana vizuri shuleni. Klara, mjukuu wa Beatha, alirudi amevimba macho. Wenzake walikuwa wamemwita kitukuu wa mlevi.

"Bibi, ni kweli?"

"Si kweli. Na watakuja kuisikia kweli yenyewe."

Kila wiki Beatha alikwenda kwa Nassoro kudai hadithi isahihishwe. Kila wiki alijibiwa kwamba Kidevu ana shughuli, meneja wake hapokei simu, sauti ya staa haiguswi bila idhini yake.

Kisha Kidevu akaingia mkataba na bustani nyingine huko pwani. Wanasheria wake wakaagiza sauti na sura yake viondolewe mara moja. Agizo lilifika asubuhi ambayo kwaya kutoka Muheza ilikuwa tayari imeshuka kwenye basi, imejaa langoni, ikimuulizia Kidevu.

Nassoro alimfuata Beatha nyumbani mbio, viatu vimejaa udongo.

"Mwalimu, niokoe, njoo usimulie wewe. Sauti nimeizima, na sanamu nimelifunika kwa shuka."

"Shuka la nini? Litoe sanamu lenyewe. Halafu uwaambie hao wageni, kwa mdomo wako, kwamba Mzee Rubeni hakuwa mlevi."

"Mbele ya watu wote?"

"Ulimchafua mbele ya watu wote."

Nassoro akasema, kwa sauti ya kutosha, jasho likimtoka. Beatha akaingia pangoni, akasimama palipokuwa na sanamu. Kigari kikasimama mbele yake. Akaita.

Vijana wakachekacheka. Hakuna aliyeitika. Beatha akanyamaza. Alinyamaza mpaka kicheko kikaisha chenyewe na watu wakaanza kujikohoza.

"Mbona haendelei?" mmoja akanong'ona.

"Anakungoja wewe," mama mmoja mnene wa sauti ya pili akamjibu, kisha akaitika.

Beatha akapiga hatua moja. Akaita tena, na safari hii pango lote likaitika, kwa sauti nne za kwaya, hadi wauza matunda wa nje wakasogea kusikiliza. Hadithi ilipowafikisha kanisani, hakuna aliyeshuka kwenye kigari. Waliomba kurudia mwanzo.

Siku hizi shule huja kwa zamu, na wenzake Klara walikuwa wa kwanza. Mlangoni pameandikwa jina kamili la Mzee Rubeni Shekiondo, kwa herufi ambazo Beatha alizisimamia mwenyewe. Juzi Nassoro alimwambia kwamba Kidevu amesikia habari, anataka kuja kutembea.

"Akaribie," Beatha akasema. "Akate tiketi, apande kigari, na akiitwa aitike."