Krasha Ilipofika Bunda, Hyasinta Aliona Nyundo Yake Kama Kijiko

Saa moja asubuhi, Hyasinta Wanzagi anapita juu ya mawe nje ya mji wa Bunda, akiyagonga moja moja na kuyasikiliza. Linalomridhisha analitia alama ya chokaa. Wapakiaji wanalipeleka kwenye krasha, mashine ya kusaga kokoto, linapotelea humo kwa kishindo.

Mama huyu wa watoto watano alianza kuvunja mawe kwa nyundo mwaka 1986, baada ya kiwanda alichofanyia kazi mumewe kusimama. Kokoto za kujaza lori moja zilimchukua siku kumi na mbili.

Mwaka jana, kampuni moja ya ujenzi ya Mwanza ilipata kazi yake ya kwanza mkoani Mara: barabara ya kwenda Butiama. Wanawake kumi na tisa wanaovunja mawe hapo walifurahi, wakajua soko limewafuata mlangoni. Wakalundika kokoto mpaka njiani.

Kampuni ikaja na krasha.

Walisogea kuitazama ikiwashwa. Ilimeza jiwe la ukubwa wa ndama, na kabla jua halijapanda lundo lake lilikuwa limepita la wanawake wote. Jeska, jirani yake Hyasinta, aliketi chini palepale kama aliyeletewa habari za msiba.

"Nilitazama nyundo yangu nikaona kama kijiko," anasema Hyasinta. "Miaka yote ile imeliwa asubuhi moja."

Wengi walirudi shambani. Yeye aliendelea kuja, akikaa pembeni kutazama. Wiki ya tatu akaona wanapakia jiwe jeusi la upande wa bondeni. Alimfuata mhandisi Florian, akamwonya kwamba litaumiza mashine. Hakusikilizwa. Mchana huohuo taya la chuma likapasuka, kazi ikalala siku nne.

Mhandisi alimfuata mwenyewe kumuuliza alijuaje.

"Hilo hatulivunjagi, baba," alimjibu. "Linavunjaga nyundo."

Kesho yake aliandikwa kazi ya kuchagua mawe.

Wiki iliyopita alipigwa na butwaa tena: kampuni imepata barabara Shinyanga, inamtaka aende nayo. Bunda atamwachia Jeska. Amekubali kwa sharti moja tu, kwamba atangulie kabla ya mashine, awatafute wanawake wanaovunja mawe huko.

"Nataka waambiwe na mtu," anasema. "Sisi hakuna aliyetuambia."