Fidia ya Zizi Tupu

Katika vilima vya juu ya Ogembo, Nyangate alijulikana kwa mambo mawili: mikono myepesi ya kuchuma majani chai na mdomo usiokosa jibu. Mumewe, Ogoti, alikuwa mpole, lakini akishaamua jambo ndio basi. Mwaka huo aliamua kumuuza ng'ombe wao wa pekee wa maziwa ili anunue pikipiki, awe mtu wa boda boda. Wakabishana wiki nzima. Mwishowe Nyangate akanyamaza, na kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Asubuhi moja ya Aprili, Ogoti akiwa kwenye majani chai, Nyangate alimfungua ng'ombe akamswaga mpaka kwa dada yake, Nyanchoka, upande wa Kenyenya. Alipanga kumwambia mumewe jioni, akishakula akashiba. Lakini alasiri ilinyesha mvua ya ajabu, na kabla hajafika nyumbani mlima ukaporomoka. Walimfukua Ogoti kesho yake ndani ya zizi, mkono bado umeshika mti wa mlango. Watu wakasema amekufa kiume, akimwokoa ng'ombe wake. Na kwamba ng'ombe mwenyewe yuko chini zaidi, basi aachwe huko. Nyangate aliyasikia hayo yote, na mdomo ule ukakosa neno.

Tangu siku hiyo hakukanyaga Kenyenya. Nyanchoka, aliyekuwa ameapishwa kutosema, alipiga simu kumwambia ng'ombe amezaa ndama jike. Nyangate akamkatia. Kila saa ya kukama alisikia mlio kutoka chini ya udongo ule, mzito, wa kuomba kufunguliwa. Alijua vizuri hakuna ng'ombe pale. Aliyelia ni nani basi? Hapo ndipo alipokosa raha, akala bila kushiba na kuomba kanisani bila kujua anaomba nini.

Kisha serikali ikatangaza kuwalipa waliopoteza mifugo katika maporomoko. Mogire, mzee wa kijiji, alimwandika bila hata kumuuliza. Nani asiyejua ng'ombe wa Nyangate alikofia? Siku ya kuhakikisha majina, kila mtu alitakiwa kufika ofisi ya chifu na shahidi wa nyumbani kwake, naye akaenda na mama mkwe wake, Nyakerario, aliyekuwa haongei sana tangu amzike mwanawe. Njia nzima Nyangate aliwaza. Akitia sahihi, atakula uongo juu ya kaburi la mumewe. Akikataa, bibi huyu atajua mwanawe alifia zizi tupu, na nani aliyemponza.

Afisa alikuwa dada kutoka kaunti za ziwani, jina lake Apiyo, mwenye adabu na haraka ya kazi. Alisoma kwenye karatasi.

"Mama, ni ng'ombe moja ya maziwa. Ilikufa ndani ya zizi?"

Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa Nyangate. Alimwogopa mama mkwe kuliko chifu, kuliko hata jela. Lakini alikuwa amechoka kumsikia yule wa chini ya udongo.

"Ng'ombe iko hai," alisema. "Niliitoa hiyo asubuhi. Bwana yangu hakujua."

Mogire akainamisha kichwa. Nyangate akasimama akingoja laana, maana aliona ni haki yake.

Nyakerario hakumlaani. Alisema kwa Kigusii, taratibu, bila kumtazama mtu.

"Nilikuona ukimtoa. Na mvua ilipozidi nilimwona mwanangu akikimbilia zizini. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu, ningemwita angesikia. Nikasema moyoni, mwache aende akajionee kazi ya mkewe."

Nyangate akamshika mkono, na bibi hakuuondoa. Apiyo, ambaye hakijui Kigusii, aliuliza shahidi amesema nini ili aandike. Nyangate akamrudishia kalamu.