Waraka Nilioutia Jina Langu

Siku yangu ya kwanza katika utumishi wa kibalozi nilikabidhiwa mkasi. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada yangu, nikiwa nimesoma mikataba ya mataifa hadi nikaiota, nami nilitarajia angalau meza yenye simu. Mkuu wa Dawati, bwana mfupi aliyevaa sweta hata Nairobi ilipochemka, alinisogezea rundo la magazeti.

"Kata kila habari inayoitaja Kenya," akasema. "Ukimaliza, niambie ni wapi tulipaswa kutajwa na hatukutajwa. Hapo ndipo kazi ilipo."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kwa miezi minane nilikata magazeti, na mpaka leo sijapata mwalimu bora kuliko ule mkasi.

Tangu nilipostaafu na kurudi nyumbani Kisian, vijana wa vyuo vya Kisumu hunijia wakiuliza balozi hufanya kazi gani hasa. Wengi wameona picha za karamu. Nami huwaambia kwamba karamu ni kazi ngumu kuliko wanavyodhani, kwa kuwa unakula umesimama na kila neno unalolisikia utaliandikia taarifa kesho yake. Kisha huwaeleza ngazi zetu. Unaanza ukiwa Katibu wa Tatu, unapanda kuwa wa Pili, wa Kwanza, kisha Mshauri. Balozi ndiye mwakilishi wa Rais, naye hawezi kufanya kazi kikamilifu mpaka akabidhi hati za utambulisho, yaani barua ambayo Rais wetu humwandikia kiongozi wa nchi mwenyeji akimwomba ayaamini maneno ya mjumbe huyu. Bendera ndogo hupepea kwenye gari lake akiwa ndani, na akishuka, hufunikwa.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa katika nchi moja ya Ghuba. Balozi wetu alikuwa mwalimu mkuu kabla ya kuingia serikalini, na alizungumza nasi kana kwamba kengele ingelia wakati wowote. Katibu wa Kwanza alikuwa mcheshi kutoka Bungoma, aliyeamini kwamba hakuna barua isiyoweza kufupishwa. Mimi nilikuwa Katibu wa Tatu, na dawati langu lilishughulikia raia: pasipoti zilizopotea, walioachishwa kazi, waliofungwa, waliofariki.

Hapo ndipo nilipokutana na jina la Ouma, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Awasi, aliyeanguka kutoka jukwaa la ujenzi na kufariki. Hakuwa ameoa. Kwetu Wajaluo mtu huzikwa nyumbani kwao, na kijana aliyefariki kabla ya kujenga simba, yaani nyumba ya kijana ndani ya boma la babake, hujengewa kwanza, ili apitishwe humo kabla ya kuzikwa. Kaka yake, Odhiambo, alinipigia kutoka kibanda cha simu cha Kondele, mjini Kisumu, honi za magari zikimfunika sauti.

"Madam, sisi hatujui mambo ya karatasi," aliniambia. "Sisi tunajua mtu anazikwa kwao. Tumeanza kujenga simba. Wewe tuletee kijana."

Nilimwahidi. Sheria ya nchi ile ilikuwa kwamba maiti ya mgeni isiyoombwa na ubalozi wake kwa muda uliowekwa ilizikwa na manispaa katika makaburi ya wageni. Muda aliopewa Ouma ulikuwa unaisha Alhamisi. Jumapili, ambayo huko ni siku ya kazi, niliandika waraka wa kidiplomasia kwa wizara yao.

Waraka huu una desturi yake. Hausemi "mimi" wala "sisi". Huanza kwa salamu za Ubalozi kwa Wizara, huendelea kana kwamba majengo mawili yanazungumza, na mwishoni hupigwa muhuri, kisha afisa huandika herufi za kwanza tu za majina yake pembeni mwa muhuri huo. Hautiwi saini. Nililijua hilo; nilikuwa nimelifanyia mtihani. Lakini nilikuwa kijana mwenye msimamo. Nilikuwa nimekulia katika nchi ambayo barua nyingi mbaya zilitoka serikalini bila mtu wa kuulizwa, nami nilikuwa nimeapa kwamba hakuna karatasi itakayotoka mkononi mwangu bila kubeba jina langu. Nikatia saini kamili, jina na cheo. Nikaupeleka mwenyewe, kichwa juu.

Jumatano adhuhuri waraka ulirudi. Hawakuandika neno hata moja. Idara yao ya itifaki iliurudisha ndani ya bahasha mpya, kwa sababu kwao haukuwa umetoka kwa serikali yoyote. Ulikuwa barua ya msichana fulani.

Katibu wa Kwanza aliusoma, akapiga mluzi. "Kumbe umejitangazia uhuru! Jamhuri ya Akinyi inaomba maiti. Bendera yako ni ya rangi gani, dada?"

Simu ikalia. Alikuwa Odhiambo.

"Madam, simba imeisha. Mlango tumeweka jana. Imebaki mwenyewe. Mama anauliza, huko wakimzika, watamweka karibu na watu gani?"

Nilikwenda kwa Balozi nikiwa nimeshika waraka kwa mikono miwili. Aliusoma mpaka kwenye saini.

"Nani aliuliza jina lako?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Niliona kwamba anayeandika anapaswa kuwajibika."

"Kuwajibika ni kumfikisha huyu kijana kwao. Hapa umeandika jina tu. Andika mwingine, sasa hivi."

Kuandika mwingine kulichukua dakika kumi. Tatizo ni kwamba waraka mpya ungeingia kwenye foleni ya siku kadhaa, nasi tulikuwa na asubuhi moja. Kwa itifaki, balozi hafiki wizarani bila miadi, na hupokewa na mtu wa hadhi inayomfaa. Alhamisi, milango ilipofunguliwa, Balozi wetu alimwamuru dereva apeperushe bendera, akashuka mbele ya wizara ile, akaingia kwenye ukumbi ambamo vibarua husubiri mihuri, akaketi kwenye benchi kati ya Mbengali na Mhabeshi. Nilisimama nyuma yake nikitamani sakafu inimeze.

Karani akatoka, akamwona, akarudi ndani mbio. Akatoka afisa wa itifaki, jasho likimtiririka.

"Mheshimiwa, tafadhali! Ofisi yangu ina kahawa."

"Asante. Nitaijia kahawa siku nyingine. Leo nimekuja kumchukua mwanangu, na nimeambiwa foleni ni hii."

Kabla ya saa tano waraka ulikuwa umepigwa mihuri yote. Ouma alisafirishwa Jumamosi, akapitishwa katika simba yake, akazikwa.

Makao makuu walimwandikia Balozi barua ya karipio: mwakilishi wa Rais haketi kwenye mabenchi ya korido. Aliisoma mbele yetu kwa sauti ya mwalimu anayesoma insha mbovu, akaiweka kwenye faili. Katika maelezo yake alikuwa ameandika, "Ubalozi ulikosea." Jina langu halikuwamo. Nilimsihi anitaje.

"Ukitaka kuungama, usiungamie faili," alisema. "Nenda Awasi."

Nilipopata likizo nilikwenda. Mama yake Ouma alinipokea uani, akiwa anapembua mtama, Odhiambo pembeni. Nilimweleza yote: saini, bahasha iliyorudi, kiburi changu. Ungo ukasimama.

"Kwa hivyo zile siku, mimi nikilia hapa bila kujua atalazwa wapi, ilikuwa ni wewe."

"Ni mimi, Mama."

"Lakini si alimleta, Mama?" Odhiambo akaingilia.

"Nyamaza wewe! Ameleta mdomo wake mwenyewe kutoka mbali. Wacha nijibu huo mdomo." Akanigeukia. "Mimi sijakusamehe. Labda siku moja, sijui. Lakini iko msichana ng'ambo ya mto, Atieno. Yuko huko huko Ghuba kwenu, kazi ya nyumba. Ameacha kuandika barua, na mama yake amekonda. Usiniombe mimi kitu. Mtafute."

Nilimtafuta kwa miezi mitatu, kwa nyaraka zilizofuata kila desturi, na kwa miguu pale ambapo nyaraka hazikufika. Nilimkuta katika nyumba ambamo mwajiri wake alikuwa amemfungia pasipoti yake kabatini. Alirejea Awasi mzima.

Baada ya hapo nilihamishwa mara sita, kwenda mji wa theluji, kwenda miji ya Afrika, na mara mbili nikiwa Balozi mwenyewe. Nimejadili mikataba ya biashara na kuketi na marais. Ninajivunia kazi hiyo, wala sioni haya kusema niliifanya vizuri. Lakini kila Katibu wa Tatu aliyeripoti kwangu nilimpeleka dawati la raia kabla ya lingine lolote, nikamtaka ajue kijiji cha kila mtu aliye kwenye faili zake. Serikali ni neno kubwa. Mtu aliye ugenini hulijua kwa uso mmoja tu, wa afisa aliye mbele yake, na ni lazima uso huo umjue.

Mwezi niliostaafu, Odhiambo alikuja Kisian na kuku chini ya kwapa. Nywele zake sasa ni nyeupe.

"Ni wa Mama," akasema. "Bado yuko, na bado ni mkali."

Nilimuuliza, kwa shida, kama mama alikuwa amesema lolote kuhusu msamaha.

"Hilo hajasema. Amesema tu ukija Awasi, usikae tena nje uani kama mgeni. Pitia jikoni."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda.