Maswali Tuliyofukuzwa Nayo Jikoni

Sisi wa enzi za gauni moja la sikukuu, nani alitufundisha udadisi? Hakuna. Nalifikiria sana jambo hili siku hizi, tangu binti yangu Zuhura alipoacha kuniuliza maswali.

Kule Muheza tulikuwa tukishakunywa uji tu, tumepotea. Tunafukua vichuguu tuone malkia wa mchwa analala wapi. Tunazuia maji ya mvua kwa matope, yanabomoa, tunajenga tena, mpaka siku moja tukagundua kwamba matope yakichanganywa na majani makavu, ukuta unasimama. Tulirudi nyumbani hatutambuliki kwa uchafu. Viboko viwili vitatu, kisha ugali na kisamvu cha nazi, kisha usingizi.

Kosa lilikuwa kuuliza. Mama anakuna nazi, mimi nimechuchumaa pembeni: kwa nini nazi ina macho matatu? Maji yaliingiaje humo ndani? "We mtoto, maswali kama polisi! Hebu nenda kacheze." Nilikwenda, na kesho yake nikarudi na swali lile lile, naye yuko pale pale.

Leo naishi Al Mansoura, hapa Doha, na kila asubuhi basi la kazini linanipeleka Lusail, kwenye chekechea ambako mimi ni mwalimu msaidizi. Huko mtoto ndiye anayeongoza masomo. Udongo unanunuliwa dukani, na mtoto anavalishwa aproni na buti kabla ya kuugusa. Watoto wa siku hizi jamani, hata kuchafuka mpaka wapangiwe! Na mtoto akiuliza, hutakiwi kumjibu. Unapiga magoti, unamtazama machoni, unamwuliza yeye anadhaniaje.

Mwanzoni ilinishinda. Watoto walikuwa wamemwaga sukari uani wafuatilie njia ya sisimizi, na mimi, mtoto wa mama yangu, nikaona uchafu, nikafagia. Mwalimu wa darasa, dada mmoja Mkenya, alicheka mpaka akakaa chini. "Aki wewe, umefagia masomo ya siku tatu!" Nikaona aibu, nikajifunza, na sasa najisifu kwamba naiweza kazi.

Zuhura ana miaka saba, yuko Muheza kwa mama yangu. Nilimwahidi kwamba mkataba ukiisha mwezi ujao nitarudi. Nimeshasaini mwingine wa miaka miwili, na nilikuwa sijathubutu kumwambia.

Ijumaa iliyopita nilimpigia simu. Ni "ndiyo mama, hapana mama" tu. Nikamwambia aniulize chochote.

"Bibi kasema nisikusumbue na maswali, unachoka na kazi."

Nikambembeleza. Akavuta pumzi. "Mama, unarudi lini?"

Na mimi, Mungu anisamehe, ulimi ukajibu kikazi: "Wewe unadhaniaje?"

"Mimi sijui, mama. Ndiyo maana nakuuliza."

Nikamwambia ukweli. Hakulia. Alisema "haya," akamrudishia bibi yake simu, nami nikabaki nimekaa kitandani.

Enzi zetu hakuna mkubwa aliyetupigia magoti, na watoto wa leo wamepata bahati hiyo, siwaonei wivu. Ila katika maswali yote niliyomchosha nayo mama yangu, hilo la Zuhura sikuwahi kuwa na haja ya kumwuliza.