Siku Programu Yangu Ilipoisimamisha Kliniki ya Ihanda

Mnaniona leo naitwa mama wa kompyuta na ninaitika huku kichwa kimeinuka, lakini ipo siku pale Ihanda nilitamani kibanja cha jirani kipasuke kinimeze pamoja na migomba yake, na aibu yenyewe hakuniletea mtu, niliipika mwenyewe, nikajipakulia, nikaila mbele za watu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka Bukoba, binti wa Kihaya mwenye cheti cha kompyuta na sketi iliyonyooka kwa pasi, nikapata kazi ya kutunza mafaili ya wagonjwa kwenye zahanati ndogo ya misheni pale Ihanda. Kompyuta tulipewa na wafadhili, ikawa inakula umeme wa jenereta, na kwa kuwa haikuja na kitu cha kutunzia mafaili, nikaandika programu mwenyewe (ndiyo, mwenyewe, msinitazame hivyo). Ukiandika jina la mgonjwa, faili lake linafunguka kabla hujamaliza kumsalimia! Nikaigawa bure kwa zahanati nyingine, pamoja na maandishi yake yote ya ndani, anayetaka kuibadilisha aibadilishe, na wa kwanza kuichukua alikuwa Sista Imelda, muuguzi wa Bugomora, mwanamke wa maneno machache ambaye tulikuwa tukiongea naye kwa redio ya upepo, ile ya kusema kwa zamu na kumalizia na "ova".

Adui yetu alikuwa jenereta. Ikizimika ghafla, faili lililokuwa wazi linapotea lote, na mgonjwa anabaki kama hajawahi kuumwa. Jambo hilo liliniuma, basi nikatengeneza programu mpya: kila ukifungua faili la mtu mmoja, kompyuta kwanza inanakili mafaili ya watu wote mahali pa pili, ndipo ikuhudumie. Nikaijaribu kwa wagonjwa wachache wa kubuni (shangazi zangu wote niliwapa malaria), ikakimbia kama swala. Nikatuma diski Bugomora kwa lori la kahawa, nikajipongeza kwa soda.

Haukupita muda redio ikaita.

"Adela, hii mpya inalala. Ile ya zamani ilikuwa nyepesi. Ova."

Na mimi, mtaalamu, nikajibu bila hata kufikiri, "Mashine yenu ndiyo nzee, Sista. Halafu nimewapa bure, bado mnalalamika? Ova."

Sista akamalizia, "Nimesikia. Ova."

Sasa sikilizeni ujinga wenyewe: wakati namjibu hivyo, mimi pale Ihanda nilikuwa bado natumia ile ya zamani.

Ikaja siku ya kliniki ya watoto, na siku hiyohiyo mchungaji wa misheni yetu akawa analeta wageni kutoka wilayani waje kuiona kompyuta. Asubuhi ile shetani wa sifa akaninong'oneza: wawekee mpya, waone mambo. Nikaiweka, tena juu ya ile ya zamani, nikaifuta kabisa. Kama hiyo haitoshi, nikaamuru mafaili ya karatasi yote yapelekwe stoo, nyuma ya magunia ya maharage ya mbegu, ili wageni waone zahanati isiyo na karatasi hata moja.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mama Uwimana, mkulima ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, amembeba mtoto wake Yusto anayechemka homa. Tabibu Laurian alitaka kumchoma sindano, lakini mama akasema mtoto aliwahi kuchomwa sindano fulani akavimba uso mpaka macho yakafunga, na jina la dawa halijui.

"Adela, nifungulie faili la huyu mtoto," Tabibu akasema.

Nikawageukia wageni, nikanyoosha mkono kama ninayefungua mkutano. "Waheshimiwa, tazameni. Kufumba na kufumbua!"

Wakafumba, wakafumbua. Wakafumba tena. Kompyuta ikaguna kama ng'ombe anayecheua, maana sasa haikuwa na shangazi zangu wachache, ilikuwa inanakili Ihanda nzima. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza tena kwa nguvu (kumbe kila nikibonyeza naiambia ianze upya), jasho likaanza kunitoka, foleni ikapinda ikaingia kwenye migomba, watoto wakaanza kulia kwa kupokezana.

Bibi mmoja mlangoni akauliza, "Waitu, jamani, hiyo mashine inasali?"

Watu wakaangua kicheko, hata mgeni mmoja wa suti akaficha mdomo kwa kofia.

"Inafikiri, bibi," nikasema.

"Basi iambie mtoto anaungua."

Kicheko kikakatika pale pale. Ndipo redio ya ukutani, ambayo siku hiyo niliifungulia sauti yote ili wageni waisikie, ikaanza kusema kwa sauti ya Sista Imelda:

"Ihanda, Ihanda, hapa Bugomora. Mwambieni Adela diski yake imetulaza tena, akina mama wamejaa hadi barabarani. Tulimwambia, akasema mashine yetu ndiyo nzee. Ova."

Hakuna aliyecheka safari hii, bora wangecheka. Mchungaji, mtu mwenye huruma, akaniinamia sikioni, "Sema umeme ni mdogo."

Ningeweza. Wote wangeamini. Lakini nilimtazama Mama Uwimana akimpepea mwanawe kwa ncha ya kanga, ulimi ukakataa kuusema uongo huo.

"Si umeme wala si mashine," nikasema kwa sauti. "Ni mimi. Programu hii niliiharibu mimi, Bugomora wakaniambia, nikawajibu kwa kiburi. Mafaili ya karatasi yako stoo. Naomba mnisaidie kuyatoa."

Ikawa kazi. Wageni wa suti wakabeba magunia, gunia moja likapasuka, maharage yakaingia ndani ya viatu vya wakubwa, akina mama wakapanga mafaili chini kwa vitongoji, na mimi nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi na ile sketi yangu nikalipata la Yusto. Limeandikwa kwa wino mwekundu: asipewe penisilini. Tabibu alikuwa ameshaivuta penisilini hiyo kwenye sindano. Akaimwaga, akampa dawa nyingine, na kabla foleni haijaisha mtoto akaomba ndizi.

Nikaenda kwenye redio mbele ya wote. "Sista, ulisema kweli. Nisamehe. Kesho napanda lori. Ova."

Bugomora nilifika nikiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele. Sista Imelda hakunigombeza. Alinivutia kiti mbele ya kompyuta, akaonyesha foleni. "Kaa. Wahudumie wewe." Nikawahudumia kwa programu yangu mwenyewe mpaka mchana, kila mama akinitazama kama niliyemfungia mlango, na wala hakuna chuo kingenifundisha vile. Kisha nikairekebisha pale pale, kwa mafaili yao halisi: sasa inanakili faili lililoguswa tu, mengine inayaacha yapumzike. Sista akaandika jina, likafunguka. Akaniambia nizime jenereta kwa makusudi. Tulipowasha, faili lilikuwepo, zima.

"Hii," akasema, "wape wengine."

Nikawapelekea wote niliowahi kuwapa diski, mmoja mmoja, kwa lori na kwa kubebwa kwenye baiskeli, na kila nilipofika nilianza kwa kuomba radhi. Programu ile ilifika hadi zahanati ambazo sijawahi kuziona, na kuna mtu, simjui hadi leo, aliibadilisha ikawa inamsalimu mgonjwa kwa Kinyambo, lugha ya wenyeji wa kule, akanirudishia diski. Siku ile nililia kwa furaha, jamani, niacheni nijisifu.

Lakini niliapa, na kiapo nimekishika: kutoa bure si ruhusa ya kumtwisha mtu mzigo mbovu. Kitu changu kipya hakimfikii mtu kabla sijakaa nacho mwenyewe siku nzima ya kliniki, foleni ikiwa mlangoni, na akitokea wa kuniambia kimekuwa kizito, simuulizi mashine yake ina umri gani. Namjibu neno moja tu: nakuja.