Wanne Bila Kinanda

Watu wakisikia kwamba nilikuwa mwimbaji huniuliza nilipiga chombo gani. Sikupiga chombo. Tulikuwa wanaume wanne tunaoimba kwa midomo mitupu, na mmoja wetu akifanya kazi ya ngoma kwa koo lake. Hata wanangu waliosoma nikiwaeleza hawaelewi, basi naandika. Shule niliiacha kabla sijamaliza darasa la nne, lakini nyumba ninayoandikia ni ya matofali na niliijenga kwa nazi na ufuta, kwa hiyo asinisahihishe mtu.

Uimbaji ule tuliupata kwenye shamba la mkonge upande wa Lindi, tukiwa vijana. Msimamizi alikuwa na santuri za watu weusi wa Marekani. Jioni akizipiga, sisi vibarua tunakaa nje ya ukuta wake tunasikiliza. Maneno hatukuyajua. Tulichokishika ni mpangilio: mmoja yuko mbele anabembeleza, wawili nyuma wanasema "uu" na "waa", na mmoja chini kabisa anaguruma, dumu dumu dumu, kama mtu anayebingirisha pipa. Tuliporudi Kilwa tukatia maneno yetu, ya mapenzi, ya korosho na ya mama mkwe.

Mimi ndiye niliyekuwa mbele. Sauti ya pili ilikuwa ya fundi baiskeli wa Nangurukuru. Besi alikuwa Mmakonde, Mkristo aliyeteremka kutoka nyanda za juu za kwao, anauza supu pale mabasi yanaposimama. Mtu mwembamba hata wageni wakawa wanamzunguka kutazama sauti ile inatokea wapi. Wa nne alikuwa mkulima wa Tingi, rafiki yangu tangu kwenye mkonge. Huyo ndiye aliyekuwa mtoa sauti.

Nieleze hapo. Watu wasio na kinanda hawana pa kuanzia. Lazima awepo mmoja wa kuamua wimbo uanzie juu kiasi gani, na sisi kazi hiyo tulimwachia yeye. Alikuwa anatupitia mmoja mmoja, anatuvumia sikioni, kila mtu pake. Akishatoa, imetoka. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu: hakuna kubadilisha katikati, hata iweje, maana wanaume wanne wakianza kutafutana mbele za watu ni aibu. Na hakuwa anakosea. Alikuwa akinipa mahali ambapo sauti yangu inafika bila kukatika.

Tuliimba kwenye mikutano ya chama, kwenye sherehe za kijiji na kwenye harusi. Tulipanda malori ya korosho, masika tukakwama njiani na kulala juu ya magunia. Nguo zilikuwa adimu, lakini tulivaa mashati ya kitambaa kimoja cha duka la ushirika. Ilipokuja ruksa ya biashara, mitumba ikajaa, kila mtu akapata koti lake, na hatukufanana tena. Silalamiki. Mimi mwenyewe nilifungua duka la mitumba, likanipa mabati.

Ruksa hiyohiyo ilileta mashine ya kusaga pale Tingi. Mfanyabiashara mmoja alifunga injini ya dizeli ndani ya kibanda cha bati, akamwajiri rafiki yangu kuiendesha. Kutwa yumo mle na makopa ya muhogo na mahindi ya watu, bati lote linatetemeka. Wa kwanza kuniambia alikuwa mkewe.

"Shemeji, huyu rafiki yako namwita kwa nyuma hageuki. Nilidhani kaninunia."

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Kasema nisimpigie kelele."

Tukacheka. Haikuchukua muda tukaacha kucheka.

Ilikuwa harusini Miteja, watu wametoka kuswali alasiri, mikeka imetandikwa. Akatupitia, akatuvumia. Nilipopata yangu nikajua papo hapo kwamba iko juu mno. Fundi baiskeli akanitazama, nami nikamtazama. Sheria ni sheria, tukaanza. Ubeti wa kwanza nilijikaza. Ilipofika pale pa kupanda, nikapanda, na sauti ikakatika kama kamba ya ndoo. Bibi mmoja, mtani wa upande wa bwana harusi, akasema ili wote wasikie:

"Mpeni tonge la ugali, mwiba umemkaa kooni."

Watu wakavunjika mbavu. Tukanyamaza watatu. Mtoa sauti wetu hakunyamaza. Aliendelea na "uu" yake peke yake, kafumba macho, mpaka nilipomshika bega.

Tukarudi kwetu. Nilichokuwa nakitaka ni kimoja, na nilikitaka kwa ukaidi: tubaki wanne, na yule abaki mahali pake. Besi akapata wazo. Akasema mtu asiyesikia anaweza kushika. Basi tukafanya mazoezi nyuma ya duka langu, rafiki yangu kaniwekea vidole shingoni, mimi navuma, yeye anaitikia akinipandisha na kunishusha mpaka anaridhika. Dukani ilienda vizuri. Tukaenda nayo harusini, na kijana mmoja mbele kabisa akauliza, "Wazee wangu, mnapimana matezi?" Hapo hata bibi harusi alicheka ndani ya mtandio wake. Rafiki yangu akanitazama akitaka nimweleze kinachochekesha. Sikumweleza.

Siku zile alikuwepo Nangurukuru kijana aliyetoka Dar na kinanda cha umeme, spika na jenereta. Akanifuata dukani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, mimi sina maneno mengi. Kinanda kinatoa sauti chenyewe. Njooni nyie watatu, tupige kazi. Yule mzee wa mashine apumzike."

"Apumzike kwa kuchoka na nini?"

"Mzee, si unajua."

"Tukija tunakuja wanne. Ama haji mtu."

"Sasa wa nne atafanya nini?"

"Atasimama."

Akacheka, akadhani natania. Mchana besi akanijia na mwiko wake mkononi, hata supu ameiacha jikoni.

"Mtani, wewe una duka. Mimi nina sufuria. Umemjibu yule kijana kwa mdomo wa nani?"

"Wangu."

"Basi siku nyingine na mimi niachie wangu, nipate wa kunywea uji."

Lakini hakwenda kwa yule kijana, wala fundi baiskeli hakwenda. Walinuna, wakabaki. Walioa watu wengi mwaka ule na kila harusi ilikuwa na kinanda. Sisi tukawa hatuitwi. Hakuna siku tuliyokaa tukasema leo tunaacha. Mazoezi yakawa ya Ijumaa tu, kisha ya Ijumaa moja moja, kisha kila mmoja akawa amechoka kwa sababu zake. Mimi nilichoka kusubiri mtu aje kutuita.

Kisha rafiki yangu akawa anamwoza binti yake mkubwa. Nilijua tutaimba. Koti langu nikalianika juani siku mbili ili harufu ya dawa ya mende itoke. Tulipofika Tingi sisi watatu, jambo la kwanza nililoliona chini ya turubai ni kile kinanda, na kijana wangu wa Nangurukuru anaunganisha nyaya. Akanipa shikamoo. Nikaitika, ningefanyaje.

Besi akaninong'oneza, "Mtani, tumekataa kazi kwa ajili ya mtu, na mtu mwenyewe kaipeleka palepale."

Nikamfuata rafiki yangu, nikamsemea sikioni kwa nguvu, "Nani kamwita huyu?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Mimi mwenyewe. Binti aliwataka ninyi. Nikamwambia hapana."

"Kwa nini?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Ninyi siwasikii. Mkiimba naona midomo tu. Muda mrefu sasa. Nilikuwa nasimama pale kwa sababu wewe ulitaka nisimame. Huyu namsikia."

Akaenda akaweka kiti chake mbele ya spika kabisa, mahali ambapo hata watoto walikuwa wamepakimbia. Kinanda kilipoanza nikamwona anatikisa mguu sawasawa na muziki, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayefaidi harusi ya mwanawe. Fundi baiskeli alishakaa kwenye pilau. Besi akaniita nikae nao, sahani ni moja.

Sikwenda. Nikavuta kiti, nikakaa na rafiki yangu palepale. Muziki ulikuwa mbaya, na leo bado nasema ulikuwa mbaya, ukanipiga kifuani na masikioni hadi meno yakauma. Katikati ya wimbo akanigeukia, akaniuliza kama nasikia vizuri pale nilipokaa. Nikaitikia kwa kichwa, maana kwa mdomo asingenisikia.